Kutoka Daftari la Mahudhurio hadi Simu ya Bibi: Teknolojia na Wazazi Wasiofikiwa Bukoba na Muleba

Kuanzia miezi ya mwisho ya kila mwaka hadi Januari, wazazi nchini hupokea mfululizo wa matangazo ya Serikali yanayohusu watoto wao: matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, orodha ya wanafunzi waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza, matokeo ya upimaji wa darasa la nne na kidato cha pili, na hatimaye matokeo ya kidato cha nne. Katika Manispaa ya Bukoba, mzazi mwenye simu janja huweza kuyaona dakika chache baada ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) kuyatangaza. Katika kata za visiwani wilayani Muleba, yaani Bumbire, Goziba, Ikuza, Kerebe na Mazinga, mzazi aliye kambini kwa shughuli za uvuvi anaweza kuyasikia siku kadhaa baadaye, kutoka kwa mtu aliyevuka kuja nchi kavu.

Kwa upande wa matokeo yenyewe, kuchelewa huko hakubadilishi kitu, kwa kuwa mtihani umekwisha kufanyika. Kilicho kizito ni kile kilichotangulia mtihani: siku ambazo mtoto hakufika darasani na mzazi hakujua, mkutano wa wazazi uliofanyika naye akiwa ziwani, daftari ambalo hakuna mtu mzima nyumbani aliyeweza kulisoma. Teknolojia ya kidijitali imekwisha kuleta matokeo ya mwisho wa mwaka kiganjani mwa mzazi. Bado haijamletea habari za wiki hii.

Suala hili limepata uzito mpya tangu Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan alipozindua Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023, jijini Dodoma tarehe 1 Februari 2025. Sera hiyo inaweka elimu ya lazima ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Kwa watoto walioingia darasa la tatu Januari 2024 na kuanza mtaala ulioboreshwa, safari ya elimu ya msingi inaishia darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo kundi la mwisho la darasa la saba nalo litamaliza, na makundi yote mawili yatahitaji nafasi za kidato cha kwanza mwaka 2028. Mzazi wa Muleba mwenye mtoto katika kundi la darasa la sita anapaswa kujua kwamba muda umefupishwa kwa mwaka mmoja, ajiandae kwa sare, madaftari na nauli mapema zaidi kuliko alivyojiandaa kwa mtoto wa kwanza. Tangazo la aina hiyo haliwezi kuachwa lisafiri kwa uvumi.

Miundombinu ya kulifikisha ipo kwa kiasi kisichokuwapo miaka 10 iliyopita. Kupitia namba *152*00#, inayosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), mwananchi mwenye simu ya kawaida isiyo na intaneti anaweza kuingia katika huduma za elimu na kuomba matokeo ya NECTA. Wanafunzi wanaotarajia kuingia kidato cha tano hubadilisha tahasusi zao kwa njia ya mtandao katika mfumo wa Ofisi ya Rais – TAMISEMI. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu vilielekezwa katika sekta ya elimu, na Serikali iligawa zaidi ya vishikwambi 290,000 kwa walimu na wasimamizi wa elimu. Upo pia Mfumo wa Taarifa za Shule, maarufu kama SIS, ambao unawezesha mahudhurio ya walimu na wanafunzi kuingizwa kielektroniki. Kwa upande wa mawasiliano, tarehe 13 Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) na kampuni za simu walitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini.

Ukiyatazama mambo hayo kwa pamoja, linaonekana jambo moja. Taarifa nyingi zinapanda: kutoka darasani kwenda kwa mwalimu mkuu, halmashauri, mkoa na wizara. Chache zinashuka kwenda nyumbani. Mwalimu akiandika katika kishikwambi kwamba mtoto fulani hakufika, taarifa hiyo humsaidia afisa elimu kupanga, lakini mtu mwenye uwezo wa kumwamsha mtoto huyo kesho asubuhi ni mzazi au mlezi wake, naye ndiye wa mwisho kujua.

Jibu la haraka linalotolewa ni kwamba kila mtu sasa ana simu. Kwa hesabu za jumla, jibu hilo linaelekea kuwa kweli. Kufikia mwisho wa mwaka 2024, laini za simu zilizosajiliwa nchini zilikuwa zimevuka milioni 80, wakati Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Hata hivyo laini si mtu. Mfanyabiashara wa soko la Bukoba anaweza kuwa na laini tatu, na kikongwe wa Nshamba asiwe na hata moja. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, asiye na kitambulisho au namba ya NIDA hutegemea laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Simu iliyoandikwa katika daftari la shule inaweza kuwa ya mjomba aliyehamia Mwanza, ya jirani, au ya kijana aliyeibadilisha laini hiyo mwaka juzi.

Kagera ina sababu yake ya pekee ya kulitazama jambo hili kwa makini. Ni mkoa wenye sifa ya elimu tangu enzi za shule za misheni, mkoa wa Ihungo, Nyakato, Kahororo na Rugambwa, ile iliyopewa jina la Laurean Rugambwa aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali mwaka 1960. Sifa hiyo ni ya haki. Ila sifa nayo huficha: pale inapodhaniwa kwamba kila mzazi wa Kagera anajua thamani ya shule, mzazi anayeshindwa huonekana mzembe kabla hajaulizwa kilichomshinda.

Kundi la kwanza kati ya walioshindwa kufikiwa ni bibi na babu wanaolea wajukuu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata vijiji vya Bukoba na Muleba vilipoteza wazazi vijana kwa wingi. Nani alibaki na watoto, linajulikana kwa kila aliyepita vijijini humo. Athari zake katika elimu zimepimwa mkoani Kagera kwenyewe. Kati ya mwaka 1991 na 1994 ulifanyika utafiti mkubwa wa kaya zaidi ya 900 za mkoa huo, na watu walewale wakafuatiliwa tena mwaka 2004 na 2010. Watafiti walipowalinganisha watoto waliofiwa na wasiofiwa, walibaini kwamba mtoto aliyempoteza mama kabla ya kutimiza miaka 15 aliishia, kwa wastani, na upungufu wa takribani mwaka mmoja wa shule, na kimo kilichopungua karibu sentimita mbili.

Upungufu wa mwaka mmoja wa shule hutokana na siku nyingi ndogondogo: siku ya kuchota maji bibi akiwa mgonjwa, siku ya kwenda shambani wakati wa mavuno ya kahawa, siku ya aibu ya kukosa kalamu, hadi mtoto anapoona kwamba amekwisha kuachwa nyuma na kurudi ni kujiaibisha. Takwimu za elimu msingi nchini zimeonesha kwa miaka mingi kuwa utoro ndio sababu kuu ya wanafunzi kuacha shule. Utoro ni neno la mwisho wa habari. Mwanzo wake ni siku ya kwanza ambayo hakuna aliyeuliza.

Nshamba, wilayani Muleba, ndiko lilikoanzia shirika la Kwa Wazee mwaka 2003, likitoa pensheni ndogo ya kila mwezi kwa wazee maskini, wengi wao bibi wanaolea wajukuu. Tathmini ya mpango huo iliyochapishwa mwaka 2008 ilibeba katika kichwa chake vitu vitatu ambavyo fedha hiyo ilihusishwa navyo: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Orodha hiyo fupi inafaa kukumbukwa na yeyote anayebuni programu ya simu kwa ajili ya wazazi. Bibi aliyeambiwa kwa ujumbe mfupi kwamba mjukuu hakufika shuleni, ilhali anajua mtoto alibaki nyumbani kwa kukosa sabuni ya kufulia sare, hajaongezewa maarifa. Ameongezewa fedheha. Taarifa humsaidia mzazi pale tu anapokuwa na la kufanya baada ya kuipata, au pale inapofungua mazungumzo ambamo mwalimu naye anajifunza kilichotokea nyumbani.

Kundi la pili ni wazazi wa visiwani na wa mialoni. Hawa ni mchanganyiko wa watu: Wahaya wa nchi kavu waliovuka kutafuta riziki, pamoja na watu kutoka Ukerewe, Mara, Geita na kwingineko katika Kanda ya Ziwa, ambao katika wilaya yenye Wahaya wengi wao ni wachache. Huhama kufuata samaki. Mtoto anaweza kuanza darasa la kwanza katika kisiwa kimoja, akaendelea katika kingine, kisha akapelekwa kwa ndugu upande wa bara ambako mama yake humtembelea mara chache kwa mwaka. Kati ya hatua hizo mtoto hupotea katika daftari moja kabla hajaandikwa katika jingine.

Shule hupanga mikutano ya wazazi kwa kalenda ya mihula. Uvuvi wa dagaa una kalenda nyingine. Wavuvi wa dagaa hutumia taa usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu hupumzika, hushona nyavu, wengine hurudi kwa familia zao. Mkutano ulioitishwa mchana wa siku za giza unamkuta mzazi amelala baada ya usiku mzima majini. Uleule ukiitishwa mwezi ukiwa mpevu, unamkuta nyumbani. Hili halihitaji mfumo wowote wa kompyuta, ingawa mwaliko wake unaweza kupelekwa kwa simu. Ni mfano wa namna ambavyo kumjua mzazi kunatangulia kumtumia ujumbe.

Lipo kundi la tatu, dogo kwa idadi. Manispaa ya Bukoba ina shule za Mugeza Mseto na Mugeza Viziwi, zinazopokea wanafunzi wenye ulemavu, na baadhi ya wazazi wa wanafunzi wa namna hiyo huishi mbali. Kwa mtoto kiziwi, simu ya sauti haina maana. Simu ya video ambayo anaweza kumwonesha mama ishara alizojifunza ina maana kubwa, ikiwa mama naye anazijua. Hapa teknolojia inafaa kuliko mahali pengine popote, na hapa ndipo gharama ya bando inapokuwa kikwazo halisi.

Suala la lugha linapita katikati ya makundi haya yote. Mtoto hufundishwa kwa Kiswahili shuleni, lakini bibi wa kijijini anaweza kuwa anakimudu Kiswahili cha sokoni tu, huku Kihaya kikiwa ndicho lugha ya nyumbani. Ujumbe ulioandikwa kwa maneno ya kiofisi, kama vile “mwanafunzi tajwa hajahudhuria masomo kwa kipindi husika”, hautamfikia hata kama simu iko mkononi mwake. Mjukuu ataombwa amsomee. Na mjukuu mtoro, akiombwa kumsomea bibi ujumbe unaohusu utoro wake, anajua vizuri la kusema.

Ushahidi kutoka nchi nyingine unasaidia kupima matarajio. Huko Los Angeles, Marekani, mtafiti Peter Bergman alijaribu kuwapelekea wazazi wa shule moja, wengi wao wazungumzaji wa Kihispania wenye kipato kidogo, taarifa za mara kwa mara kuhusu kazi ambazo watoto wao hawakuziwasilisha. Ilibainika kwamba wazazi walikuwa wakidhani watoto wao wanajitahidi kuliko ilivyo kweli. Walipopata taarifa mahsusi, juhudi na alama za wanafunzi wa madarasa ya juu zilipanda. Tatizo la wazazi hao lilikuwa kupewa habari chache, na za kuchelewa.

Nchini Msumbiji, katika mkoa wa Manica, wasichana wa madarasa ya mwisho ya shule ya msingi walipewa kadi ya mahudhurio ya kila wiki wakaipeleke kwa wazazi. Familia nyingine zilipewa fedha kwa sharti la mahudhurio. Kadi peke yake, bila fedha, ilileta ongezeko la mahudhurio lililofikia robo tatu ya lile lililoletwa na fedha. Ilikuwa kadi ya karatasi. Kilichofanya kazi ni taarifa kufika kila wiki, ikiwa wazi na ikimhusu mtoto mmoja kwa jina lake. Simu inaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa wepesi zaidi, bila kumtegemea mtoto kuwa tarishi, na hiyo ndiyo faida yake halisi.

Jirani nchini Kenya, matokeo yalikuwa tofauti, na yanastahili kuzingatiwa vilevile. Katika mpango wa Uwezo, watoto walipimwa uwezo wa kusoma na kuhesabu nyumbani, wazazi wakaelezwa matokeo papo hapo. Watafiti Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, hawakuona dalili ya kutosha kwamba taarifa hizo zilibadilisha vitendo vya wazazi. Mzazi kuambiwa kwamba mtoto wa darasa la tatu hawezi kusoma aya fupi ni jambo moja. Kujua amwendee nani, lini, na aseme nini, ni jingine. Taarifa isiyo na hatua inayofuata huishia kuwa huzuni ya jioni moja.

Utafiti ulio karibu zaidi na hali ya Muleba ulifanyika Botswana mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Familia zaidi ya 4,500 zilishirikishwa. Baadhi zilipokea ujumbe mfupi wenye maswali ya hesabu kila wiki. Nyingine zilipokea ujumbe huo pamoja na simu ya mwalimu iliyochukua dakika chache, mzazi na mtoto wakisikiliza pamoja. Ujumbe mfupi peke yake haukuleta mabadiliko ya kuonekana katika uwezo wa watoto. Ujumbe ulioambatana na simu uliyaleta. Jaribio hilo lilirudiwa baadaye katika nchi tano, zikiwamo Kenya na Uganda, na maongezi ya simu yaliendelea kushinda maandishi.

Kwa Tanzania, ambako shule zilifungwa kuanzia tarehe 17 Machi 2020 na kufunguliwa zote tarehe 29 Juni mwaka huo, masomo yalipelekwa kwa redio na televisheni. Hatua hiyo iliwafikia wengi, lakini redio haimjui mtoto kwa jina. Redio za Kagera, kama Kasibante FM, Vision FM na Radio Mbiu za Bukoba, zinafaa sana kwa tangazo linalomhusu kila mzazi, mathalani lile la makundi mawili ya mwaka 2027. Tangazo linalomhusu mtoto mmoja linahitaji sauti inayomwita mlezi wake.

Kwa hiyo swali la kisera kwa Bukoba na Muleba linapungua ukubwa na kuwa la vitendo. Mwalimu wa darasa lenye wanafunzi 70 au zaidi hawezi kuwapigia wazazi wote kila wiki, na kumwagiza afanye hivyo ni kuandaa waraka utakaopuuzwa. Anaweza, hata hivyo, kuwapigia walezi wa wanafunzi waliokosekana siku tatu mfululizo. Hao huwa wachache, na ndio hasa wanaohitajika kupigiwa. Daftari la mahudhurio, au kishikwambi pale mfumo unapotumika, tayari lina majina yao. Kinachokosekana ni namba sahihi ya mtu sahihi.

Namba hiyo haipatikani kwa kujaza fomu mara moja mtoto anapoandikishwa na kuiacha hadi darasa la saba. Inapaswa kuhakikiwa kila mwanzo wa muhula, na kwa mtoto anayelelewa na asiye na simu, iandikwe pia namba ya mtu aliyekubaliwa na mlezi mwenyewe: mwenyekiti wa kitongoji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kiongozi wa kanisa au msikiti. Visiwani, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, vinawajua wavuvi wa kila mwalo na vinajua nani amehamia wapi. Ni vyombo vilivyoundwa kwa ajili ya samaki, lakini habari walizonazo kuhusu watu ni bora kuliko za shule nyingi.

Kumkabidhi mtu wa tatu habari za mtoto si jambo la kuchukuliwa kirahisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Jirani mwenye simu anaweza kuambiwa “mwalimu anaomba kuongea na bibi”. Hapaswi kuambiwa kwamba mtoto ni mtoro, ni mjamzito au anatumia dawa. Angalizo hilohilo linayahusu makundi ya WhatsApp ya wazazi, yaliyozoeleka mijini, ambamo jina la mtoto aliyefeli au picha ya daftari lake huweza kutumwa mbele ya wazazi wengine wote. Makundi hayo yana faida yake. Ila yanamwacha nje mwenye simu ya kitochi, na baada ya muda shule huanza kuamini kwamba wazazi waliomo kundini ndio wazazi wote.

Gharama nazo zinahitaji jibu la maandishi. Tangu Januari 2016 elimumsingi hutolewa bila ada, na shule ya msingi hupata ruzuku ya uendeshaji inayokokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Pasipo maelekezo ya halmashauri kuhusu fungu la kulipia muda wa maongezi, simu hizo zitatoka mfukoni mwa mwalimu, nazo zitakoma kabla ya muhula kwisha. Kwa upande wa mzazi, nchi ina mfano wa kuiga: namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo mpigaji halipi chochote. Mzazi aliyeko Goziba anayetaka kujua kama mwanawe aliyeko bara alifika shuleni leo hana namba ya bure ya namna hiyo.

Yapo pia mambo ambayo wazazi wa makundi haya wangenufaika kuyajua sasa hivi, bila kusubiri mfumo mpya. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 uliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, kurejea katika mfumo rasmi. Kwa mama wa mwaloni ambaye binti yake alirudi nyumbani akiwa kidato cha pili, waraka huo ni habari kubwa kuliko matokeo yoyote ya mtihani. Haumo katika orodha ya huduma anazoweza kuomba kwa kubonyeza simu, na uwezekano wa yeye kuupata katika tovuti ya wizara ni mdogo. Utamfikia kwa kinywa cha afisa elimu kata, au kwa sauti ya simu, au hautamfikia.

Bukoba imewahi kuona kwa njia ngumu jinsi mawasiliano kati ya shule na nyumbani yanavyohitajika ghafla. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 liliharibu vibaya shule za sekondari za bweni za Ihungo na Nyakato, zikalazimika kufungwa kwa muda. Kila mzazi mwenye mtoto bwenini alikuwa na swali moja tu siku ile. Daftari la namba lililohakikiwa mwanzoni mwa muhula kwa ajili ya utoro ndilo hilohilo linalojibu swali la siku kama ile, iwe ni tetemeko, ni mlipuko wa ugonjwa, au ni mtoto mmoja aliyeanguka darasani.

Mwanafunzi aliyeingia darasa la tatu Januari 2024 katika shule ya Bumbire au Nshamba amebakiwa na muda mfupi kabla ya kumaliza elimu ya msingi mwaka 2027. Katika kila muhula uliosalia, shule yake ina nafasi moja ya kufungua daftari, kuuliza namba ya anayemlea, na kuipiga kuona kama inaita.